Nani Alibeba Mzigo? Vitabu Sita vya Mambo ya Kweli

Natumaini kila kikundi kimekwisha kukusanyika, na mwandishi wa kikundi ana daftari na kalamu tayari, maana leo nitataja majina ya vitabu na miaka, nami nitasema polepole ili mpate kuandika.

Mara nyingi mtu mzima aliyekwisha kujua kusoma huniuliza swali hili: "Mwalimu, fedha yangu ni chache, na wakati wangu ni mchache zaidi. Nikiingia katika maktaba au duka la vitabu, nichukue kipi na niache kipi?" Swali hili ni la haki, tena ni la mtu mwenye akili. Kitabu si kama embe, hata ukibonyeze kwa kidole ujue kama limeiva. Basi leo nitajaribu kulijibu. Sisemi juu ya hadithi za kubuni, ingawa nazo zina faida yake. Nasema juu ya vitabu vya mambo ya kweli: watu walioishi, kazi walizofanya, na mambo yaliyowapata.

Kwanza niwaambie kwa nini jambo hili linanigusa. Babu yangu mzaa mama alikuwa mpiga udi katika kikundi kidogo cha taarab. Alikuwa na daftari lake. Ndani yake aliandika nyimbo, majina ya wenzake, harusi walizoalikwa, na malipo waliyopata. Alipofariki sisi wajukuu tulikuwa wadogo, wala hapakuwa na mtu nyumbani aliyeliona daftari lile kuwa mali. Kurasa zake zilichanwa moja moja, zikafungiwa karanga. Leo mimi ni mtu mzima, nayatafuta majina ya wale wenzake, na hapana hata mmoja aliyebaki wa kunitajia. Karanga zililiwa siku ile ile. Hasara ipo mpaka leo.

Tangu hapo nimejizoeza kukiuliza kila kitabu cha historia maswali matatu. La kwanza: Nani alifanya kazi? La pili: Mwandishi amejuaje? La tatu: Nani hakuulizwa? Andikeni maswali hayo. Sasa tutayatumia kwa vitabu sita, viwili viwili, na kila jozi ina mzigo wake: mzigo wa pembe, mzigo wa hesabu, na mzigo wa wimbo.

Mzigo wa pembe

Tuanze nyumbani. Katika karne ya 19 njia kubwa ya misafara ilitoka pwani, mahali kama Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe karibu na Tabora, na kutoka huko ikaendelea mpaka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Pembe za ndovu ziliteremka pwani. Nguo, shanga na nyaya za shaba zilipanda bara. Hapakuwa na gari la moshi bado, wala punda na ng'ombe hawakudumu katika nchi zenye mbung'o. Karibu kila kitu kilibebwa na mwanadamu, kichwani au begani.

Mfanyabiashara mashuhuri wa njia hizo alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye watu walimwita Tippu Tip. Alifariki Unguja mwaka 1905. Kabla ya kufa aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani aitwaye Heinrich Brode akayachapisha huko Berlin katika miaka ya 1902 na 1903. Baadaye W. H. Whiteley aliyatafsiri kwa Kiingereza, na tafsiri hiyo ikatolewa pamoja na Kiswahili chake katika miaka ya 1958 na 1959. Kitabu hicho huitwa Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip. Hicho ndicho kitabu cha kwanza ninachowasifia.

Nakisifu kwa sababu gani? Kwanza, kwa Kiswahili chake. Hakuna mapambo, mzee anasimulia kama mtu aliyeketi barazani: tulifika, tukapigana, tukanunua, tukaondoka. Pili, kwa kuwa ni mara chache sana kumsikia mtu wa wakati ule wa biashara ya pembe akisema kwa kinywa chake, bila mgeni kusema kwa niaba yake. Atakueleza madeni, bei, vita na mapatano, na utaona jinsi mtaji wa pwani ulivyofika mpaka nchi za Kongo.

Lakini sasa tukiulize maswali yetu. Nani alifanya kazi? Mwenye kitabu anakumbuka pembe kwa frasila, nayo frasila moja ilikuwa ratli 35. Walakini wale waliozichukua pembe hizo mwezi baada ya mwezi, majina yao hayapo ila mara chache. Tena biashara yake ilikuwa pia ya watumwa, na waliotekwa hawakuulizwa neno. Je, kwa sababu hiyo tukitupe kitabu? Hasha. Kitabu cha mkubwa ni ushahidi, lakini ni ushahidi wa upande mmoja. Hakimu hasikilizi upande mmoja akatoa hukumu.

Basi nawapa kitabu cha pili kikae karibu na cha kwanza. Jina lake ni Carriers of Culture, kimeandikwa na Stephen J. Rockel, kikatolewa mwaka 2006. Hiki ni kitabu juu ya wapagazi. Rockel anaonyesha jambo ambalo wengi hatukufundishwa shuleni. Tulizoea kufikiri kwamba kila mpagazi alikuwa mtumwa aliyefungwa mnyororo. Kumbe katika njia hii ya kati wapagazi wengi, na hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliofanya kazi ya mshahara. Walibeba kiasi cha ratli 60 au 70, yaani karibu kilo 30, na juu yake chungu, mkeka na silaha. Walikuwa na desturi za kazi yao, na walipatana juu ya ujira na posho kabla ya kuinua mzigo. Alikuwapo kirangozi wa kuongoza njia, na walikuwapo wanawake pia waliosafiri pamoja na misafara.

Labda mtauliza: Rockel amejuaje, ikiwa wapagazi hawakuandika vitabu? Hapa ndipo penye somo kubwa la leo. Amewasoma wasafiri wa Ulaya wa wakati ule, watu kama Burton na Stanley, ambao vitabu vyao vimejaa malalamiko. Leo wapagazi wamekataa kuondoka kambini. Jana wawili wametoroka. Wote wanadai nguo zaidi. Msafiri aliandika hayo kwa hasira, ili asomwe kwao na kuhurumiwa. Lakini msomaji mwangalifu huyageuza maneno hayo kama mtu anayegeuza kanzu kuona mshono wa ndani. Ikiwa watu mia wameketi chini asubuhi moja wakakataa kuinua mizigo mpaka posho iongezwe, jambo hilo si uvivu. Hilo ni mgomo. Malalamiko ya bwana yamekuwa ushahidi wa mtumishi wake, ingawa bwana hakukusudia.

Basi ninyi mnaokwenda kazini, bandarini, mashambani au viwandani, someni kitabu hiki mkijua kwamba mabishano juu ya ujira na posho hayakuanza na sisi wa leo.

Mzigo wa hesabu

Sasa nitawavusha bahari, lakini swali ni lile lile. Mzigo wa kwanza ulikaa kichwani. Mzigo wa pili ulikuwa ndani ya kichwa.

Nyote mnajua kompyuta. Iko benki, iko hospitali, na ndogo yake iko ndani ya simu mfukoni mwenu. Lakini je, mnajua kwamba neno hilo, huko lilikotoka, kwanza lilikuwa jina la mtu wala si la mashine? Aliitwa hivyo mtu yeyote ambaye kazi yake ni kupiga hesabu kutwa kucha, kwa kalamu na karatasi. Habari hizo zimo katika kitabu changu cha tatu, When Computers Were Human, cha David Alan Grier, kilichotolewa mwaka 2005.

Chanzo cha kitabu hiki kinafanana na daftari la babu yangu. Bibi yake Grier alimwambia siku moja, wakati wa chakula, kwamba angalipenda kuyatumia masomo ya hesabu za juu aliyosoma chuoni. Kijana hakuuliza zaidi. Bibi alipokwisha kufariki ndipo mjukuu akajiuliza: mwanamke wa wakati ule alisomaje hesabu za juu, na wenzake walikwenda wapi? Akaanza kutafuta, na kutafuta kwake kukawa kitabu.

Nitawapa mifano miwili ya watu aliowasimulia. Mwaka 1758, huko Ufaransa, mtaalamu Alexis Clairaut alitaka kujua ni lini hasa itaonekana tena nyota yenye mkia, ile iitwayo kwa jina la Halley. Hesabu ilikuwa kubwa, maana sayari za Jupita na Zohali huivuta nyota hiyo na kuichelewesha. Aliketi na wasaidizi wawili, Lalande na mwanamke mmoja aitwaye Nicole-Reine Lepaute, wakahesabu kwa miezi kadhaa. Walisema nyota itafika karibu na jua katikati ya Aprili 1759, labda mwezi mmoja mbele au nyuma. Ikafika tarehe 13 Machi. Kwa kalamu na karatasi, hiyo ilikuwa ajabu kubwa. Lakini Clairaut alipokitoa kitabu chake juu ya jambo hilo, hakumtaja Lepaute. Tunamjua kwa kuwa Lalande alimshuhudia.

Mfano wa pili ni wa New York, mwaka 1938. Wakati ule kazi zilikuwa adimu kabisa huko Marekani, na serikali ilifungua ofisi ya kutengeneza majedwali ya hesabu ili watu wasio na kazi wapate riziki. Kiongozi wa hesabu alikuwa mwanamke mtaalamu, Gertrude Blanch. Wengi wa wafanya kazi wake hawakuwa na elimu kubwa. Basi akazikata hesabu ngumu vipande vidogo: kundi hili lijumlishe tu, kundi lile litoe tu, jingine lizidishe, jingine ligawanye. Kila kazi ikahakikishwa tena na tena. Watu ambao peke yao wasingeweza kulifahamu jedwali lote, walilitoa likiwa sahihi. Mnaona? Nao ni watu wazima waliojifunza kidogo kidogo, kama ninyi.

Baadaye zikaja mashine. Mwaka 1946 mashine kubwa iitwayo ENIAC ilionyeshwa kwa watu huko Philadelphia. Waliozipanga hesabu zake ndani ya mashine hiyo ni wanawake sita, ambao hapo kwanza walikuwa wapiga hesabu. Mashine ilisifiwa magazetini. Wao walisahauliwa kwa miaka mingi.

Kitabu cha nne ni ndugu wa kitabu hicho. Ni Hidden Figures, cha Margot Lee Shetterly, cha mwaka 2016. Kinaeleza juu ya wanawake Weusi wa Marekani waliopiga hesabu za ndege, na baadaye za vyombo vya angani, katika kituo cha Langley, jimbo la Virginia. Dorothy Vaughan aliingia mwaka 1943, wakati wa vita. Yeye na wenzake walikuwa na digrii, na wengi walikuwa walimu. Hata hivyo walitengwa katika ofisi yao, vyoo vyao vilikuwa mbali na vya Wazungu, na katika chumba cha chakula meza yao iliwekewa kibao cha kuwabagua. Mmoja wao, Miriam Mann, alikiondoa kibao hicho akakitia mkobani. Kikawekwa kingine, akakiondoa tena. Akaendelea hivyo mpaka waliokuwa wakikiweka wakachoka kabla yake. Jambo dogo kama hilo halimo katika taarifa za wakubwa. Limo katika kumbukumbu za watu, na mwandishi amekwenda kuuliza.

Mwenzao Katherine Johnson ndiye aliyepewa hesabu ya safari ya John Glenn, Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia angani, tarehe 20 Februari 1962. Kompyuta za mashine zilikuwapo tayari. Lakini Glenn alitaka kwanza yule mwanamke azihakikishe hesabu za mashine kwa mkono, na zikilingana, yeye yu tayari kwenda. Zikalingana, akaenda.

Hapa niwaonye kidogo. Iko filamu yenye jina lile lile la kitabu, nayo ni nzuri. Lakini filamu imechanganya watu na nyakati ili hadithi ipendeze. Katika filamu ni Katherine Johnson anayekimbia mbali kutafuta choo; katika kitabu dhiki hiyo ilimpata Mary Jackson, naye Johnson alitumia choo kilicho karibu bila kumwomba mtu ruhusa. Mkitazama filamu, furahini nayo. Mkitaka kujua ukweli, fungueni kitabu.

Shetterly amejuaje? Yeye alikulia mji wa Hampton, ulio karibu na kituo kile, na baba yake alikuwa mtaalamu hapo Langley. Wanawake hao walikuwa majirani zake na watu wa kanisani kwake. Historia iliyokuja kuishangaza dunia ilikuwa ikimpita njiani kila siku, na kumsalimu.

Tena msifikiri kwamba habari hii haituhusu. Ili kuisikia sauti ya Glenn alipozunguka dunia, Wamarekani waliweka vituo nchi nyingi. Kimoja kilikuwa Kano, Nijeria. Kingine kilikuwa Tunguu, kisiwani Unguja, kikafungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Alipopita juu ya pwani yetu, sauti yake ilipokewa Unguja. Basi njia iliyopimwa na mwanamke wa Virginia ilipita juu ya minazi yetu, na wengi waliokuwa chini yake hawakulijua jina la aliyeipima.

Mzigo wa wimbo

Sasa tuko Unguja, na tubaki hapo hapo, maana mzigo wa tatu unatoka kijiji cha Fumba, kusini mwa kisiwa hicho.

Karibu na mwaka 1880 alizaliwa Fumba mtoto wa kike, akaitwa Mtumwa. Jina lenyewe linasema hali ya wazee wake. Baba yake, Saad, alikuwa wa asili ya Kinyamwezi, na mama yake wa asili ya Kizigua. Kumbukeni tuliyosema juu ya njia ya misafara: watu wa huko bara walifika pwani na visiwani kwa njia nyingi, wengine kwa mshahara, wengine kwa nguvu. Msichana huyo alifinyanga na kuuza vyungu, akitembea mpaka mjini na kunadi kwa sauti, na sauti hiyo watu wakaijua kabla ya kumwona mwenyewe. Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko akajifunza kuimba pamoja na ala, na akapewa jina la Siti. Huyo ndiye Siti binti Saad. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake mpaka Bombay, nyimbo zao zikatiwa katika sahani za santuri, na sauti ya muuza vyungu ikaimba katika nyumba ambazo yeye mwenyewe hakuzikanyaga.

Kitabu cha tano ni Wasifu wa Siti binti Saad, cha Shaaban Robert. Kilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1958, na kimeandikwa kwa Kiswahili chetu wenyewe. Shaaban Robert alionana na Siti katika siku zake za mwisho, akamsikiliza. Siti alifariki mwaka 1950. Fikirini basi: kama mwandishi yule angaliahirisha safari yake mwaka mmoja tu, angalikuta kaburi. Mengi tunayoyajua leo juu ya utoto wa Siti yangalikwenda njia moja na daftari la babu yangu.

Hata kitabu hiki tukiulize maswali yetu. Shaaban Robert aliandika kama mtu mwenye heshima kwa mzee wake, tena kama mwalimu wa tabia njema. Alitaka tuone kwamba umaskini na asili si pingu za roho. Hilo ni jema. Lakini mwenye kumsifu mtu hupunguza maneno juu ya mabishano, na wimbo wa Siti ulikuwa na mabishano ndani yake.

Kwa hiyo kitabu cha sita ni Pastimes and Politics, cha Laura Fair, cha mwaka 2001. Mwandishi huyu alikaa Unguja na kuzungumza na wazee, wanaume kwa wanawake, juu ya mambo ambayo wanahistoria wengi waliyaona kuwa ya kupitisha wakati: mavazi, mpira, ngoma na taarab. Wakati anaoueleza ni ule uliofuata kukomeshwa kwa utumwa, mwaka 1897. Anaeleza jinsi watu wa Ng'ambo, waliokuwa jana watumwa au watoto wa watumwa, walivyojifanya kuwa watu wa mji. Mwanamke aliyekatazwa kujifunika zamani sasa akajifunika. Mwaka 1928, mwaka ule ule wa safari ya Bombay, wapangaji wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja. Na nyumbani kwa Siti, watu walikutana usiku kusikiliza nyimbo, na pamoja na nyimbo, habari za mji.

Fair anaonyesha kwamba nyimbo hizo zilikuwa kama gazeti la wasiojua kusoma. Mmoja wao, unaojulikana kwa jina la Kijiti, ulihusu mauaji ya mwanamke mgeni. Mwuaji alikimbilia bara akaokoka, na wanawake waliofika mbele ya hakimu kutoa ushahidi ndio waliotiwa hatiani. Jalada la mahakama lina sauti ya hakimu. Wimbo una sauti ya barabarani, ya watu waliosema: hii si haki. Mwenye kutaka kuijua Unguja ya wakati ule lazima asikie sauti zote mbili.

Naona mmekwisha kutambua kwamba jozi hii inafanana na ile ya kwanza. Rockel aliwatafuta wapagazi ndani ya hasira ya mabwana. Fair aliwatafuta wanawake wa Ng'ambo ndani ya nyimbo na kumbukumbu za wazee. Palipo na kazi, hubaki alama. Kazi ya kitabu kizuri ni kuzifuata alama hizo mpaka zimfikishe kwa mtu.

Jinsi ya kuchagua na kusoma

Sasa nirudi kwa msikilizaji wetu aliye dukani na fedha chache mkononi. Ukikishika kitabu cha mambo ya kweli, usianze na jalada. Jalada hupakwa rangi na muuzaji. Fungua dibaji, usome mwandishi alikwenda wapi na alizungumza na nani. Kisha fungua kurasa za mwisho, uone kama ametaja alikopata habari. Asiyetaja anakutaka umwamini tu, kama mganga wa sokoni. Mwisho tazama orodha ya majina, kama ipo. Ikiwa kitabu ni cha reli na hamna hata mtandika reli mmoja, au ni cha muziki na wamo wenye viwanda vya santuri tu, jua kwamba umepewa nusu ya habari. Labda utakinunua vivyo hivyo, lakini utajua ni nusu.

Katika vitabu vyangu sita, viwili ni vya Kiswahili, navyo ndivyo vya kuanzia: Maisha ya Tippu Tip na Wasifu wa Siti. Vinne ni vya Kiingereza, na najua si kila mtu kikundini anakisoma. Msikate tamaa. Chagueni mmoja anayekijua, awe mwalimu, karani, au kijana aliyemaliza shule. Asome sura moja kila juma, naye aje kuwasimulia kwa Kiswahili. Wengine wauliza maswali matatu. Mkifanya hivyo, kitabu kimoja kitasomwa na watu ishirini kwa bei ya kimoja. Kama maktaba yenu hakina, mwulizeni mkutubi akiagize. Mara nyingi maktaba hazipati vitabu kwa sababu hakuna anayeviuliza.

Na liko jambo la mwisho, nalo ni zito kuliko yote. Grier alichelewa kumwuliza bibi yake. Mimi nilichelewa kwa babu yangu. Shaaban Robert aliwahi. Shetterly aliwahi pia. Tofauti kati yetu haikuwa elimu. Ilikuwa kuuliza wakati mtu yupo. Katika kila kijiji na kila mtaa yupo mzee aliyefanya kazi bandarini, katika mashamba ya mkonge, au relini. Yupo bibi aliyekuwa akiimba harusini. Yupo hata yule aliyeendesha zile kompyuta za kwanza zilizoletwa katika ofisi zetu, zenye ukubwa wa kabati, na hapana mtu aliyemwuliza zilikuwa zikifanya nini. Juma hili, kabla hatujakutana tena, kila mmoja wenu amwendee mzee mmoja. Mpigie hodi, mwamkie, keti. Mwulize jina lake kamili, kazi yake, mshahara wake wa kwanza, na majina ya wenzake watatu. Andika kwa wino, weka tarehe. Kisha liweke daftari mahali pa juu, panya na wauza karanga wasilifikie.

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Tippu Tip aliandika maisha yake mwenyewe. Je, hiyo huongeza ukweli wa kitabu au huupunguza? Toeni sababu za pande zote mbili.

2. Rockel aliyatumia malalamiko ya wasafiri kuwa ushahidi juu ya wapagazi. Je, mnajua barua, taarifa au hotuba ya hapa kwenu ambayo yaweza kusomwa hivyo?

3. Kwa nini Clairaut aliliacha jina la Lepaute? Je, mambo kama hayo yapo katika kazi zenu leo?

4. Tajeni wimbo wa zamani wa mahali penu uliobeba habari ambayo haikuandikwa gazetini. Nani anaukumbuka wote?